Profesa Martius na Jina la Gugu la Kisumu

Mmea uitwao gugu maji ulianza kuonekana katika maji ya Kenya ya Ziwa Viktoria mwaka 1990, muda mfupi baada ya kuonekana upande wa Uganda. Kufikia mwaka 1998 ulikuwa umetandaa juu ya zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, na mtu aliyesimama katika bandari ya Kisumu aliona mbele yake uwanja wa majani mabichi mahali palipokuwa na ziwa. Wataalamu wa samaki, wa afya na wa uchumi wameandika mengi juu ya jambo hili. Katika makala haya nimekusudia kulitazama kwa upande unaotuhusu sisi wanafunzi wa lugha, yaani upande wa jina. Jina la kitaalamu la mmea huu lilitungwa kwanza na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Carl Friedrich Philipp von Martius. Mtu huyu hakufika Afrika, wala hakupata kuisikia Kisumu, kwani alifariki zaidi ya miaka 30 kabla ya reli kulifikia ziwa mwaka 1901. Hata hivyo, maisha yake yana mafunzo makubwa kwa yeyote anayekusanya maneno kandokando ya Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita ziwa lao.

Martius alizaliwa mjini Erlangen tarehe 17 Aprili 1794. Baba yake alikuwa mtengenezaji dawa, na katika zama hizo mtu wa dawa hakuweza kuwa mbali na mimea. Kijana alisomea utabibu katika chuo kikuu cha mji huo huo na akapata shahada ya udaktari mwaka 1814, lakini moyo wake ulikuwa katika majani na maua, naye akaenda Munich kufanya kazi chini ya Akademia ya Sayansi ya Bavaria. Huko ndiko bahati ilikomkuta. Mwaka 1817 binti wa mfalme mkuu wa Austria, Leopoldina, alikuwa akisafirishwa kwenda Brazili kuolewa na Dom Pedro, mrithi wa ufalme wa Ureno. Mfalme Maximilian Joseph wa Bavaria akapata nafasi ya kuwapeleka wataalamu wake wawili pamoja na msafara huo: Johann Baptist von Spix, mtaalamu wa wanyama, na Martius, aliyekuwa na umri wa miaka 23 tu.

Safari ile ilichukua karibu miaka mitatu. Walitoka Rio de Janeiro wakapita São Paulo na Minas Gerais, wakaenda Bahia, wakaikata nchi kavu ya kaskazini hadi Maranhão, kisha wakaupanda mto Amazon kutoka Belém. Karibu na mwisho waliachana: Spix aliendelea na mto mkubwa hadi Tabatinga, na Martius akaufuata mto Japurá mpaka maporomoko yalipomzuia. Waliporudi Munich mwezi Desemba 1820 walikuwa na mimea iliyokaushwa ya aina kama 6,500, pamoja na wanyama, ndege, samaki na wadudu wengi. Spix hakuishi kuyafaidi matunda ya safari hiyo, maana alifariki mwaka 1826. Kazi yote ikabaki mikononi mwa mwenzake.

Lakini katika mizigo ile walikuwamo watoto pia. Wasafiri hawa walichukua watoto kadhaa wa wenyeji wa Amazon, na wawili tu ndio waliofika Munich wakiwa hai: mvulana wa kabila la Juri na msichana wa kabila la Miranha. Wakabatizwa Johannes na Isabella. Majina yao wenyewe hayakuhifadhiwa. Katika kumbukumbu wao ni Juri na Miranha, kana kwamba mtu mmoja ni kabila zima. Na kwa kuwa lugha ya mmoja haikuwa lugha ya mwenzake, watoto hao wawili katika nchi ya baridi na ya ugeni hawakuwa hata na njia ya kuzungumza wao kwa wao. Mvulana alifariki mwaka 1821 na msichana mwaka 1822. Malkia wa Bavaria aliagiza sanamu ya shaba kwa ajili ya kaburi lao. Martius alilikumbuka jambo hili kwa majuto katika maisha yake ya baadaye, na sioni kwamba majuto hayo yanaipunguza hesabu. Nalitaja hapa si kwa kumhukumu marehemu tu, bali kwa sababu linahusu kiini cha makala haya: mtu aliyezipenda sana lugha za Brazili aliwapoteza wasemaji wawili wa lugha hizo bila hata kuyaandika majina yao.

Mwaka 1826 Martius alifanywa profesa wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Munich, na mwaka 1832 akawa mkuu wa bustani ya mimea ya mji huo. Kazi yake juu ya mitende na jamaa zake, iliyotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1823, ilimpa sifa kote Ulaya. Hata hivyo, kazi iliyomwishia nguvu ni ile iitwayo Flora Brasiliensis, orodha na maelezo ya mimea yote ya Brazili kwa Kilatini. Aliianza mwaka 1840, akaiacha haijafika nusu alipofariki, na wengine wakaimaliza mwaka 1906: majuzuu 15, waandishi 65, na aina 22,767 za mimea. Mmoja wa waandishi hao alikuwa Adolf Engler, ambaye katika ujana wake alitunza hifadhi ya mimea ya Munich, na ambaye baadaye, akiwa profesa mjini Berlin, alisimamia kitabu kikubwa cha mwaka 1895 juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Kwa njia hiyo mazoea ya kazi yaliyojengwa juu ya mimea ya Brazili yalifika katika ardhi yetu.

Mwisho wa kazi ya Martius chuoni haukuwa wa raha. Mwaka 1854 serikali ilijenga jumba kubwa la vioo kwa ajili ya maonyesho ya viwanda, na jumba lenyewe likawekwa ndani ya bustani yake ya mimea. Profesa alipinga, hakusikilizwa, akajiuzulu. Alifariki mjini Munich tarehe 13 Desemba 1868. Mimea yake iliyokaushwa ilinunuliwa na serikali ya Ubelgiji, ikawa msingi wa hifadhi ya mimea ya nchi hiyo.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa na wataalamu wa mimea. Sisi tuna haja zaidi na kitabu kingine cha Martius, kilichotoka mwaka 1863 na kutolewa tena mwaka 1867 kama juzuu ya pili ya kazi yake juu ya makabila na lugha za Amerika. Ni mkusanyiko wa orodha za maneno ya lugha nyingi za Brazili, na ndani yake mna orodha za majina ya mimea, ya wanyama na ya mahali katika Kitupi. Itakumbukwa kwamba katika karne hiyo hiyo mwenzake katika taifa, mmisionari Johann Ludwig Krapf, alikuwa akifanya kazi kama hiyo karibu na Mombasa. Sarufi yake ya Kiswahili na msamiati wake wa lugha sita za Afrika ya Mashariki vilitoka mwaka 1850. Makosa ya wote wawili ni mengi, na ni rahisi kuyaona leo. Mgeni husikia sauti kwa masikio ya lugha yake. Lakini lugha ya Kijuri haipo tena, na karibu yote yanayojulikana juu yake yametoka katika orodha chache za maneno za karne ya 19, ile ya Martius ikiwa mojawapo. Lugha ya yule mvulana wa Munich imebaki katika karatasi za mtu aliyemtoa kwao.

Basi turudi kwenye mmea wetu. Mwaka 1823, akiwa bado anapanga mavuno ya safari yake, Martius aliueleza mmea mmoja wa majini kutoka Brazili, wenye maua ya zambarau na mashina ya majani yaliyovimba na kujaa hewa. Aliutia katika jenasi ya Pontederia, ambayo jina lake lilitokana na Giulio Pontedera, profesa wa mimea wa Padua, na akauongezea neno la Kilatini crassipes, yaani ‘mwenye mguu mnene’. Sehemu hii ya pili ni jina zuri kabisa. Linatueleza kitu tunachoweza kukiona kwa macho, tena kitu chenye maana, kwani mguu ule mnene ndio unaoufanya mmea kuelea na kusafiri na upepo.

Mwaka 1843 profesa mwingine wa Kijerumani, Carl Sigismund Kunth wa Berlin, aliona kwamba mmea huu na jamaa zake wa karibu wanastahili jenasi yao wenyewe, akaiita Eichhornia kwa heshima ya Johann Albrecht Friedrich Eichhorn, waziri wa elimu wa Prussia wa wakati huo. Profesa akimwita mmea kwa jina la waziri anayesimamia vyuo vikuu, msomaji anaweza kuzipima sababu zake mwenyewe. Kunth aliuita mmea huo speciosa, ‘mzuri wa kutazamwa’. Lakini sheria ya wataalamu wa mimea humpa haki yule aliyetangulia, kwa hiyo mwaka 1883 Hermann zu Solms-Laubach, naye profesa wa Kijerumani, aliurudisha ‘mguu mnene’ wa Martius, na jina likawa Eichhornia crassipes. Hilo ndilo jina lililoandikwa katika taarifa zote za Kisumu za miaka ya 1990. Mwaka 2018 watafiti wengine waliivunja jenasi ya Eichhornia na kuirudisha ndani ya Pontederia, hata leo wataalamu wengi wanaurudia ule uandishi wa Martius wa mwaka 1823 neno kwa neno.

Katika safari hii yote ya karibu miaka 200 jina moja halikuchukuliwa: lile la wenyeji. Wabrazili huuita mmea huu aguapé, neno lenye asili ya Kitupi. Majirani zao wanaosema Kihispania kandokando ya mto Paraná huuita camalote. Mmea ulipotoka kwao haukuondoka na wavuvi, bali uliondoka na watu wa bustani, waliouthamini kwa ua lake na kuutia madimbwini. Waingereza wakauita kwa jina la ua jingine la bustani, hyacinth, wakaongeza neno ‘maji’. Ulifika Misri katika karne ya 19. Katika miaka ya 1950 ulikuwa umeingia mto Kongo na mto Nile nchini Sudan. Na mto Kagera ukawa mlango mmojawapo wa kuingilia Ziwa Viktoria. Ulifika kwa watu wa ziwa bila jina lolote lililotokana na watu walioishi nao, na bila maarifa yao.

Watu wa ziwa hawakuwa maskini wa majina ya mimea ya majini. Mafunjo yaliyojaa kinamasi cha Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, yanaitwa togo katika Dholuo, na matete huitwa odundu. Kila moja lina kazi yake katika mikeka, nyua na paa, na mvuvi huyajua kwa kuwa samaki fulani hukaa kwenye mizizi yake. Kiswahili nacho kina yungiyungi, ua la majini linalojulikana toka zamani. Mtu angeweza kutazamia kwamba mgeni huyu mwenye ua la kupendeza angetiwa katika ukoo wa yungiyungi. Haikuwa hivyo. Aliitwa gugu.

Yafaa tulichunguze neno hili. Gugu si jina la aina ya mmea, ni hukumu. Mpunga uliojiotea katika shamba la pamba ni gugu, na pamba katika mpunga vilevile. Mkulima ndiye anayeamua, na hukumu yake ni moja. Ukishasema gugu umekwisha kutaja na jembe. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaukumbuka mfano wa ngano na magugu, na hapana shaka kwamba kivuli cha moto uliowangoja magugu wale kimo ndani ya neno hata linapotumiwa ziwani. Kwa hiyo gugu maji ni sitiari ya mkulima iliyohamishiwa kwa mvuvi: ziwa limefanywa shamba, na kilichoota humo bila ruhusa sharti king’olewe.

Kwa upande wa sarufi, jina limeundwa kwa kuweka nomino mbili pamoja bila kihusishi cha -a: hatusemi sana ‘gugu la maji’ bali ‘gugu maji’, kama tusemavyo mbwa mwitu, bata maji na askari kanzu. Muundo huu ni wa zamani katika Kiswahili, na huonyesha kwamba wasemaji wamekichukua kitu kuwa aina moja kamili, si kitu cha kawaida kilichotokea tu kuwa mahali fulani. Waandishi hawajakubaliana kama liandikwe kwa neno moja au mawili. Magazeti hupenda zaidi wingi, ‘magugu maji yameziba bandari’, na sababu yake naiona kuwa ni ya maana kuliko ya sarufi: hakuna aliyepata kusumbuliwa na gugu maji moja. Mjini Kisumu, hata hivyo, jina la Kiingereza ndilo linalosikika zaidi, likitamkwa kwa sauti za Kiswahili au za Dholuo.

Hukumu ya wavuvi ilikuwa na haki yake. Mashua zilishindwa kutoka. Nyavu zilichukuliwa pamoja na visiwa vya majani vilivyosukumwa na upepo. Wanawake waliongoja samaki pwani walirudi na vikapu vitupu. Meli hazikuweza kutia nanga. Samaki walioweza kuvumilia maji yenye hewa kidogo, yaani kamongo na mumi, waliongezeka katika nyavu wakati ngege na mbuta walikuwa wagumu kufikiwa. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya ilizalisha huko Kibos, nje kidogo ya Kisumu, fukusi wa aina mbili wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni mmea huu, na kuanzia mwaka 1997 wakaachiliwa ziwani. Katika miaka miwili au mitatu iliyofuata mmea ulipungua sana. Wengine walisema ni kazi ya fukusi. Wengine wakataja mawimbi na mawingu ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Naelekea kuamini kwamba fukusi walidhoofisha na mawimbi yakavunja. Vyovyote iwavyo, baada ya mvua nyingi za mwisho wa mwaka 2006 mmea ulirudi, na tangu hapo umekuwa ukienda na kurudi.

Mmoja wa fukusi wale huitwa kitaalamu Neochetina eichhorniae. Majina ya wadudu hayabadiliki kwa sababu jina la mmea wanaoula limebadilika, kwa hiyo waziri wa Prussia, aliyefukuzwa kutoka katika mmea mwaka 2018, anaendelea kukaa ndani ya mdudu aliyefugwa Kibos.

Wakati huo huo ukingoni mwa ziwa hukumu nayo imeanza kulegea. Wako waliojifunza kukausha mashina ya mmea huu na kuyasuka kuwa viti, vikapu na kamba, na wengine huuvundika ili kupata gesi ya kupikia au mbolea. Kwa hao gugu ni mali ghafi. Mtunzi wa kamusi ana kazi hapa. Akiandika tu kwamba gugu maji ni mmea mbaya wa majini uzibao njia, atakuwa ameandika maoni ya mwenye mashua na kuyaacha ya msusi wa viti. Na ikiwa msusi analo neno lake kwa shina lililokauka, jingine kwa shina bichi, na jingine kwa mizizi, maneno hayo hayatafika kitabuni kama hakuna aliyekwenda kuuliza.

Mfano wa kufanya kazi hiyo tunao. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtaalamu wa mimea, alitoa mwaka 1972 kamusi ya majina ya mimea katika Kijaluo, pamoja na matumizi yake. Tofauti yake na Martius ni kubwa: Martius aliandika Flora kwa Kilatini, na maneno ya wenyeji akayaweka katika kitabu cha pembeni miaka mingi baadaye, Kokwaro aliyaweka majina ya Kijaluo mlangoni, na Kilatini kikaja kama mkalimani. Mwaka 1998, ule ule ambao Ghuba ya Winam ilikuwa imefunikwa kabisa, Kokwaro na Timothy Johns walitoa kamusi pana zaidi yenye mimea na wanyama wa Wajaluo.

Lakini pwani hii haina lugha moja. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na nchi kavu inayovikabili kulikuwa na wasemaji wa Olusuba, lugha ya Kibantu ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikiiachia Dholuo nafasi. Mwaka 1986 Franz Rottland wa Bayreuth na Okoth Okombo wa Nairobi walionyesha jambo la ajabu: watu walizidi kujivunia kuwa Wasuba wakati ule ule uwezo wao wa kukisema Kisuba ulipokuwa ukipungua. Katika hali kama hiyo majina ya mimea na ya samaki hupotea mapema, kwa sababu mtoto hufundishwa kuvua na kulima katika lugha ya soko. Mfangano ndiko lugha iliko na nguvu zaidi. Mwenye kwenda huko na daftari aanze na mimea ya ukingoni, togo kwanza, kisha aulize juu ya ule uliokuja mwaka 1990, na aandike pembeni ya kila jibu jina la aliyelitoa.